Hoteli ya Karibu na Maji

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika kuhusu hoteli ambazo sijawahi kulala. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Mtu fulani aliye mbali ananitumia mada kwa barua pepe, tuseme hoteli kumi bora za familia karibu na bustani za maji katika jiji fulani, na anataka maneno 1,500 kufikia Ijumaa. Nafungua ramani, naangalia picha, nasoma maoni ya wageni waliofika, halafu naandika kana kwamba jana tu nilikuwa huko na watoto wangu wawili na taulo begani. Sina watoto. Taulo ninalo moja.

Nimeandika kuhusu Wild Wadi ya Dubai, iliyofunguliwa 1999 kando ya ile hoteli yenye umbo la wimbi. Nimeandika kuhusu Orlando, Florida, ambako Wet 'n Wild ilifunguliwa 1977 na ikafungwa mwisho wa 2016. Nimeandika kuhusu Kunduchi ya Dar es Salaam na Nyali ya Mombasa. Zote nimeziandikia kwenye meza ya jikoni kwetu, upande wa Mutituni, Machakos, mahali ambapo maji ya bomba yakija majirani wanapigiana simu.

Kwa hiyo dada yangu alipokuja likizo kutoka Saudia mwaka jana, mwezi wa nane, na kusema anataka kwenda hoteli, kila mtu mezani aligeuka akaniangalia mimi.

Lakini nianze wiki moja kabla ya hapo.

Dada aliondoka kijana wake akiwa na miaka miwili. Aliondoka na mambo mawili ya kulipia, huyo mtoto na karo yangu ya chuo. Mimi chuo kilinishinda mwaka wa tatu. Hiyo ni stori ndefu, na sehemu yake inayohusika hapa ni fupi: pesa zilizopotelea hapo zilikuwa zake, na hajawahi kuniuliza. Nilirudi nyumbani na laptopu, nikaanza kuandika, nikaanza pia kulea. Nilimpeleka chekechea. Nilikaa naye hospitalini usiku mbili alipopata nimonia. Mbele ya watu aliniita Aunty. Akiwa na homa, au akizungumza usingizini, aliniita Mama, na mimi sikumrekebisha hata siku moja.

Mama yake alikuwa na jina lake. Alimwita Mama wa Simu. "Mama wa Simu amepiga." "Mama wa Simu ameniletea viatu?" Tulicheka sana na hilo jina, hata dada mwenyewe alicheka, kamera ikitetemeka mkononi mwake kule Dammam.

Halafu Mama wa Simu akatokea mlangoni na masanduku mawili, mtoto akajificha nyuma ya miguu yangu.

Wiki hiyo ya kwanza alikuwa mgeni. Sijui niseme vipi ili mtu aelewe. Mwaitu alimtolea kile kikombe cha glasi cha wageni. Akiinuka kuosha vyombo anaambiwa keti, umechoka. Akimwita mtoto waoge, mtoto anasema anamtaka Aunty. Anatafuta chumvi, anafungua kabati tatu kabla ya kuipata, kwa nyumba ambayo mabati yake, simiti yake na hilo kabati lenyewe vimenunuliwa kwa mshahara wake. Usiku nilimsikia akitembea sebuleni. Hakuwa na pa kukaa ambapo tayari hapakuwa na mtu mwingine aliyepazoea.

Siku ya nane ndiyo akasema, tukila isyo: "Wewe si ndiye mtaalamu wa hoteli? Tutafutie moja. Siku mbili tu. Mahali pana yale maji ya kuteleza, yale anaonaga kwa simu."

Mwaitu akaweka kijiko chini. "Mkalale hoteli Machakos na kwenu ni nauli ya shilingi mia?" Halafu, kwa sababu mama yangu hawezi kuacha jambo kabla halijachekesha: "Kama ni maji ya ajabu mnataka, nendeni Kyamwilu. Ni bure."

Kyamwilu ni pale barabarani kwenye kilima cha Kituluni, ambapo ukimwaga maji kwenye lami unayaona yakipanda mlima. Ni macho tu yanadanganywa na jinsi ardhi ilivyolala, lakini watu hutoka Nairobi na chupa zao kuja kumwaga. Dada hakucheka. Alisema, "Mwaitu, nataka kulala mahali ambapo sisi sote ni wageni."

Hapo nikajua kwamba kazi niliyopewa si ile ninayoifanya kila Ijumaa.

Kwanza nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nilifungua ramani. Lang'ata, Nairobi, kuna Splash, lakini hoteli za karibu zilitaka pesa ambazo tungelala macho tukizihesabu. Nyali kuna Wild Waters, na treni ya SGR tungeipandia Athi River, lakini siku mbili za likizo hazitoshi kwenda Mombasa na kurudi na bado mtu azoeane na mtoto wake. Ikabaki hapa hapa. Machakos haina bustani ya maji ya kuitwa bustani. Ina hoteli zenye mabwawa ya kuogelea, na chache zina slaidi moja au mbili za kuteleza, bluu au njano, zilizopauka kwa jua. Kwa mtoto wa miaka sita, slaidi moja ni bahari.

Halafu nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya katika kazi hii. Nilipanda matatu nikaenda kuziona.

Hoteli ya kwanza, dada wa mapokezi aliniuliza, "Ni semina ya nani?" Hoteli nyingi za Machakos zinaishi kwa semina. Umbali wa Nairobi ni kilomita sitini na kitu, kwa hiyo ofisi zinaleta watu wao huku, wanakaa ukumbini siku tatu, wanakula bufee, wanarudi. Bwawa lipo kwa ajili ya picha. Niliomba kuliona. Ngazi ya kuingilia ilikuwa upande wa kina kirefu na hapakuwa na bwawa la watoto. Niliuliza nani huangalia watoto wakiwa majini. Akasema, "Wazazi wao." Kwenye makala zangu hoteli kama hiyo naiitaga tulivu.

Ya pili ilikuwa na slaidi mbili, uzio, mwokoaji mwenye filimbi, na kina kimeandikwa ukingoni kwa rangi inayosomeka. Nilifurahi mpaka nikaona spika, kubwa kama friji, nne. Nikamuuliza mhudumu pembeni, akaniambia ukweli kwa sababu nilimwongelesha Kikamba: Jumamosi na Jumapili kuna diji kuanzia saa nane mchana, na kufikia jioni walio ndani ya maji si watoto tena. "Kuja Ijumaa," akasema. "Ama kuja asubuhi ulipe ya kuogelea tu, halafu mlale kwingine."

Hilo neno moja lilikuwa na thamani kuliko makala zangu zote. Kwa miaka mitatu niliandika kana kwamba lazima ulale palipo na slaidi. Si lazima. Unaweza kulala mahali pa bei nafuu penye usingizi, ukaenda kwenye maji kwa miguu, ukalipa kiingilio cha siku. Cha muhimu ni hiyo miguu. Ramani inaweza kusema dakika kumi. Mtoto aliyelowa, mwenye baridi na usingizi, kwa barabara ya vumbi isiyo na njia ya wapita kwa miguu, atakuambia ni saa nzima, na atakuambia akilia.

Ya tatu ndiyo tuliyochukua. Haikuwa na slaidi. Ilikuwa karibu kabisa na ile ya pili, lango hadi lango hatua 240, nilizihesabu. Niliuliza maswali ambayo sikuwahi kumwandikia mtu yeyote. Maji mnapata wapi? Kwa sababu hapa mjini bomba lina ratiba yake, na hoteli inayotegemea bomba peke yake itakuacha na mtoto mwenye sabuni kichwani. Wakanionyesha kisima cha pampu na matangi mawili. Maji ya moto yanawaka saa ngapi? Machakos iko juu, kama mita 1,600, na mwezi wa nane mawingu hukaa hadi adhuhuri. Bwawa lisilopashwa moto lina masaa matatu tu ya kuogeleka, saa sita mpaka saa tisa, na baada ya hapo mtoto anahitaji maji moto mara moja, si saa moja jioni kwa ratiba ya jikoni. Mtoto mnamhesabu ni mtoto hadi miaka mingapi? Akila bufee analipa nusu?

Swali la mwisho aliniuliza yeye wa mapokezi. "Mko wangapi na mnataka vitanda vingapi?"

Nilishikwa. Nilimpigia dada nikiwa nimesimama pale. Nilimwambia kuna chumba cha watu watatu, vitanda vitatu, bei nzuri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Chukua vyumba viwili. Mimi na yeye. Na wewe upumzike peke yako."

Nilisema sawa. Nililipa kwa M-Pesa, vyumba viwili, usiku mbili, pesa za makala kama kumi na moja. Nilikuwa nimejiambia hii ni zawadi yangu kwake, njia ya kurudisha hata shilingi moja ya ile karo. Kwenye matatu ya kurudi nyumbani niligundua nimekasirika. Mtu anapokuambia upumzike kutoka kwa mtoto, na mtoto si wako, huna hata pa kuiweka hiyo hasira.

Ijumaa tukaenda. Saa sita na nusu jua likatoka, tukavuka zile hatua 240. Mtoto aliiona slaidi akaachilia mkono wangu. Alipanda, akashuka, akapanda, akashuka, akimeza maji na kucheka. Dada alikuwa hajavaa nguo ya kuogelea. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mabegi yote miguuni, taulo zetu zote tatu mapajani, macho kwa mtoto, mgongo wima. Nikamwambia ingia. Akasema, "Naangalia vitu."

"Hakuna mtu ataiba ndala, dada."

Akatazama mikono yake kwenye zile taulo kana kwamba ni ya mtu mwingine. Ndipo akaniambia. Mwaka wake wa pili, waajiri wake walienda Dubai likizo na wakamchukua kwa sababu ya watoto. Hoteli kubwa, jina hakumbuki, dirisha likiangalia slaidi ndefu kuliko mnara wa kanisa letu. Siku tatu alikaa kwenye kiti kama kile, amevaa abaya, ameshika taulo, akiita watoto wa watu watoke wapakwe mafuta ya jua. Watoto walimpenda. Mdogo alikuwa hali chakula mpaka yeye ndiye amlishe. Na usiku chumba kilikuwa na vitanda viwili vya watoto, na yeye alilala kwenye zulia katikati.

"Zulia lilikuwa safi," akasema, kama anayeitetea hoteli.

Nilitafuta kichwani. Nimeandika kuhusu hoteli za Dubai za karibu na bustani za maji angalau mara nne. Nilisifia vyumba vya familia, vitanda vya watoto vyenye umbo la meli, klabu za watoto, mito ya aina sita. Nilisoma mamia ya maoni ya wageni. Hakuna hata mmoja aliyetaja mtu aliyelala kwenye zulia. Na mimi, ambaye ndugu yangu wa tumbo moja ndiye alikuwa pale, sikuwahi kufikiria kuuliza.

Jioni ile mtoto hakutaka kulala chumba cha mama yake. Tulimbembeleza, akakubali kwa kulipwa biskuti. Nilifunga mlango wangu, nikalala kwenye kitanda kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kulalia, sikupata usingizi. Saa saba usiku nikasikia kilio koridoni. Nilijua ni chake kabla sijaamka. Na nitasema ukweli kwa sababu hapa ndipo mahali pa kuusema: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha.

Nilifungua. Mtoto akanirukia. Nyuma yake alisimama dada na dera lake, taa ya koridoni usoni. "Amekutaka," akasema tu.

Wakaingia wote wawili. Nilimlaza mtoto kitandani, nikakaa kando yake kama ninavyokaaga. Nilipogeuka, dada alikuwa ameshachukua mto mmoja, ameuweka sakafuni kando ya kitanda, na amelala, amejikunja ubavu, mkono chini ya shavu. Hakuuliza. Hakuwa anataka huruma. Mwili wake ulikuwa umeona mtoto kitandani ukajua mahali pake.

Nikamwambia, "Inuka."

"Niko sawa, nimezoea."

"Dada, inuka. Hiki kitanda nimekilipia."

Aliinuka. Nilisogea hadi ukutani, mtoto akabaki katikati, yeye akapanda upande wa pili taratibu, kama mtu anayeingia maji baridi. Mtoto, nusu usingizini, akageuka upande wake kwa sababu upande wangu kulikuwa na ukuta na joto. Akamwekea mguu tumboni. Dada hakusogea mpaka asubuhi. Najua kwa sababu nilikuwa macho.

Sitaki kudanganya kwamba asubuhi kila kitu kilikuwa kimepona. Mtoto aliamka, akamwangalia karibu kabisa, pua kwa pua, akasema, "Kumbe uko na alama hapa." Ni kovu dogo la utotoni kwenye nyusi, simu haikuwahi kulionyesha. Halafu akasema, "Wewe wa Simu, twende maji." Na saa sita alienda majini naye, dada akiwa na suruali ya kubana na fulana yangu, akapiga kelele kwa baridi mpaka mwokoaji akacheka. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Nilishika taulo. Tukaondoka kabla diji hajafungua spika, tukapita People's Park, ile iliyofunguliwa 2014 kando ya bwawa la Maruba, na mtoto akauliza kama kule pia kuna slaidi.

Jumapili Mwaitu alikuja kutoka kanisani moja kwa moja, na kofia na kibeti, kutuona kabla hatujatoka. Tulimlipia kiingilio asubuhi hiyo. Alisimama ukingoni mwa bwawa akalitazama kwa muda mrefu.

"Maji yote haya ni ya kucheza tu?"

Huyu ni mama ambaye ujana wake wote alibeba maji kwa kamba kichwani, na ambaye bado anajua kwa kuangalia wingu kama mvua ya mwezi wa kumi na moja itafika au itapita. Nilitoa simu nikamfanyia hesabu, kwa hatua zangu: mita 12 kwa 6, kina cha wastani mita moja na robo. Lita 90,000. Mitungi 4,500 ya lita 20. Sisi nyumbani tunatumia mitungi sita kwa siku.

"Miaka miwili," nikamwambia. "Na siku ishirini hivi."

"Kandarasi moja," dada akasema kutoka majini.

Mwaitu akavua viatu, akakaa ukingoni, akaweka miguu ndani. Hakusema kitu kingine. Mtoto alimrushia maji kwenye kofia.

Dada alirudi Saudia mwezi wa tisa. Mtoto bado anamwita Mama wa Simu, lakini sasa anasema "Mama wa Simu wa kwetu", sijui akimtofautisha na nani. Akiwa na homa, bado ananiita mimi. Siku hizi namjibu, "Mama yuko kazini, mimi ni Aunty," na kusema hivyo kunanigharimu zaidi ya vile vyumba viwili.

Na kazi inaendelea, kodi ya intaneti hailipwi kwa majuto. Mwezi jana ilikuja mada: hoteli bora za familia karibu na bustani za maji, Dubai, maneno 1,500, Ijumaa. Nilifungua ramani. Nilifungua picha. Niliandika sentensi ya kwanza ile ya siku zote, nikaisoma, nikaifuta. Halafu nikaingia kwenye tovuti ya hoteli ya kwanza kwenye orodha, pale chini penye kidirisha cha kuongea na mhudumu, nikauliza kama kwenye chumba cha familia kuna kitanda cha yaya.

Vile vidoti vitatu vya mtu anayeandika vikatokea, vikapotea, vikatokea tena.

"Tafadhali subiri," akaandika. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wacha niulize."

Bado nilikuwa na siku mbili hadi Ijumaa. Nikamwambia nasubiri.